Mbwa Mzee wa Parokia Aende Wapi?



Katika kikao cha kamati tendaji ya parokia tuliyopangiwa likizo hii, hapa juu Ufipa, kipengele cha "mengineyo" kilikuwa na jambo moja tu: mbwa. Wajumbe walicheka. Mwenyekiti naye akacheka, akaomba tulimalize haraka kwa sababu wengine wanarudi vigango vya mbali. Jambo hilo lilichukua dakika arobaini, muda mrefu kuliko suala la bati za kanisa la kigango. Sisi mafrateri tulikaa nyuma kama wasikilizaji, hatuna kura, kwa hiyo tunaandika hapa.

Habari yenyewe ni hii. Paroko aliyehamishwa mwaka huu alimwokota mbwa huyo miaka kumi na moja iliyopita kwenye mnada wa ng'ombe, kamba ikiwa imekwisha kuzama kwenye nyama ya shingo. Mkatekista alipoulizwa kama atapona alijibu, "Tutaona," na jina likawa hilo. Tutaona akapona, akalinda nyumba ya mapadre, banda la nguruwe na ghala la mahindi ya mavuno. Leo jicho moja lina ukungu, miguu ya nyuma inakakamaa asubuhi za Juni na Julai, ambazo kwetu huku hazina mchezo, na meno yake hayawezi tena ukoko wa ugali. Parokia imeletewa mbwa wawili vijana, na vijana hao wanamng'ata kila chakula kinapomwagwa. Abaki ateseke, au aende. Lakini aende wapi?

Yalitolewa mapendekezo matatu. La kwanza, auawe. La pili, apandishwe kwenye Fuso linaloshuka Muze siku ya mnada, aachwe huko bondeni. La tatu, atafutiwe mtu wa kukaa naye. La pili ndilo lililopendwa, maana, kama alivyosema mjumbe mmoja, halina damu. Sisi tunaona kwamba katika yote matatu hilo ndilo baya zaidi, baya hata kuliko la kwanza, na tungependa wasomaji wetu walifikirie, kwa sababu ndilo linalofanyika kila siku. Nani kati yetu hajawahi kuona gunia linalocheza kando ya barabara?

Anayemuua mbwa wake mgonjwa kwa mkono wa daktari wa mifugo, bila kumtesa, anajua alichofanya na anakibeba. Anayemtupa anataka mbwa afe bila yeye kuwa muuaji. Mbwa wa miaka kumi na moja, asiyeona vizuri, akishushwa mahali penye mbwa wenyeji hana siku nyingi. Atang'atwa, atakosa maji, atakula chochote jalalani. Tofauti ni kwamba hatutakuwepo kuona.

Tena anayeumia si mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini mwetu. Virusi vyake hupita kwenye mate, na mtu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani wanakadiriwa kufa watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukatika, na dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Sasa, Tutaona amechanjwa. Kadi yake ipo kwenye droo ya ofisi ya parokia. Akitupwa Muze, kadi itabaki kwenye droo, na kinga yake itakwisha bila mtu yeyote wa kukumbuka tarehe. Mtoto wa bondeni atakayeng'atwa na mbwa asiye na mwenyewe hatajua ameng'atwa na mbwa wa nani, na familia yake itauza mbuzi kulipia sindano ambazo gharama yake inaizidi mno ile ya kumchanja mbwa mmoja. (Akiumwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Tusingoje kumwangalia mbwa, wala tusianze na dawa ya mganga.)

Hata sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia. Tulipolisema hilo baada ya kikao, mjumbe mmoja alituuliza kama huko chuoni siku hizi tunasoma falsafa au mifugo.

Tunasoma falsafa, na hapo ndipo jambo hili linapotuhusu. Plutarch, aliyeandika maisha ya wakubwa wa Ugiriki na Roma, anamsimulia Cato Mzee, mtu aliyesifiwa kwa kubana matumizi. Cato alishauri ng'ombe aliyezeeka auzwe, na mtumwa aliyezeeka auzwe pia, ili mashamba yasilishe midomo isiyozalisha. Farasi aliyempanda vitani huko Hispania alimwacha huko huko, kuiokolea serikali nauli ya meli. Plutarch hakufurahishwa. Anasema haki tunaitumia kwa wanadamu, lakini wema ni mpana kuliko haki, unafika hadi kwa wanyama. Na yeye asingemuuza hata ng'ombe aliyemlimia kwa sababu tu amezeeka. Hapo anamkumbuka pia mbwa wa Xanthippus, aliyeogelea kando ya meli ya bwana wake mpaka kisiwa cha Salamis watu wa Athene walipouhama mji wao, akafa alipofika, akazikwa kwa heshima. Aliyetaka kujua Cato alikuwa mtu wa namna gani aangalie orodha yake: ng'ombe mzee na mtumwa mzee wamo katika sentensi moja.

Kant, ambaye wenzetu wengi wanamwogopa kabla ya mtihani, anatoa mfano ule ule tulionao mezani. Katika mihadhara yake ya maadili anasema mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa muda mrefu na kwa uaminifu, akizeeka asiweze tena kutumika, bwana wake amtunze mpaka afe. Sababu yake ni kwamba anayemfukuza anaharibu ubinadamu ndani yake mwenyewe. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye anaelekea huko: ukatili kwa wanyama humzoesha mtu ukatili kwa watu. Kwa maoni yetu sababu hiyo ni ya kweli lakini haitoshi. Ukiuliza kwa nini nisimtupe Tutaona, na jibu likawa "kwa ajili ya roho yako," mbwa mwenyewe amesahauliwa tena. Katekisimu, namba 2416, inatangulia mbali kidogo: wanyama ni viumbe vya Mungu, yeye mwenyewe anawatunza, nasi tunawiwa kuwatendea wema. Hapo hapo inawataja Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Mtakatifu Filipo Neri. Neno ni kuwiwa, kama mtu anavyowiwa deni.

Lakini Katekisimu hiyo hiyo, namba 2418, inatufunga breki. Inakataza kuwatesa wanyama bila sababu, kisha inasema haifai kuwatumia fedha ambazo kwanza zilipaswa kupunguza taabu za watu. Baba Mtakatifu Fransisko, yule yule aliyetuandikia Laudato Si' mwaka 2015 na kuonya juu ya utamaduni wa kutupa, Januari 2022 aliwalalamikia wanaofuga mbwa na paka mahali pa kuzaa watoto. Kwetu Ufipa hatari hiyo bado iko mbali, watoto tunao. Lakini hoja ya fedha iko hapa hapa. Mama mmoja wa WAWATA aliisema vizuri kuliko sisi sote: mlinzi wa usiku wa parokia alistaafu kwa kupewa blanketi na kupigiwa makofi, halafu leo tunakaa dakika arobaini kuzungumzia uzee wa mbwa?

Kikao kilinyamaza, na kilistahili kunyamaza. Hakuna aliyemjibu. Sisi tunadhani hoja yake ni ya kweli yote, ila haituambii kumtupa mbwa. Kosa la blanketi halisahihishwi kwa kuongeza la gunia. Ni mkono ule ule wa Cato, na ukiachiwa kwa mmoja unarudi kwa mwingine.

Kwa hiyo tulibaki na pendekezo la tatu, na hapa ndipo tulipotaka kuwaambia wasomaji jambo moja hasa. Kumtafutia mbwa mzee nyumba kunaweza kuwa kule kule kumtupa, ila kwa adabu. Ukimpa mtu mbwa ukasema "ni mkali, analinda vizuri," ukaficha jicho, ukaficha miguu, umemdanganya mtu, na mbwa atalipa uongo wako. Akishagundulika hafai, hatarudishwa kwako. Ataishia kwenye Fuso lile lile.

Walijitokeza watu watatu. Mfugaji mmoja alimtaka kwa ajili ya ng'ombe. Tukamwambia ukweli: huyu hawezi kutembea kutwa machungani. Alishukuru, akaondoka. Mwenye duka karibu na stendi alitaka king'ora cha bure. Lakini nyuma ya duka lake kuna watoto wadogo wengi, na mbwa asiyeona vizuri anayeshtuliwa usingizini hung'ata bila ubaya wowote. Jirani yake, tuliambiwa, alikuwa amekwisha kuuliza kwa nini mbwa huyo hulia usiku kuelekea makaburini. Katika mji ambao jina lake lenyewe watu wanalifasiri kuwa ni "tupa uchawi," maswali ya namna hiyo huwa hayaishi vizuri kwa mwenye jicho la ukungu, awe mbwa au bibi kizee. Hapo hatukumpeleka.

Wa tatu alikuwa ni yule mlinzi wa blanketi. Anakaa kigango kilicho upande wa milima ya Mbizi, peke yake tangu mkewe alipofariki. Amefanya kazi na Tutaona usiku kwa usiku kwa miaka mingi, anajua akikwaruza mlango anataka nini. Tulimwendea, tukamwamkia, akatukaribisha chai ya rangi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wanangu, mbwa nampenda. Lakini mkiniletea mbwa bila chakula chake, mmeniletea deni."

Ndivyo ilivyo. Anayempokea mbwa mzee anapokea gharama bila faida, na mwenye kuvuna ujana wake ni parokia. Tulipomfikishia paroko maneno ya mzee, hakuyapinga. Iliandikwa karatasi ya nusu ukurasa, na tunaiweka hapa kwa kuwa huenda ikazifaa nyumba nyingine za kitawa na za mapadre zenye mbwa waliozeeka. Parokia itapeleka debe la unga wa dona kila mwisho wa mwezi, na dagaa kidogo wa kuchanganya, upikwe laini kwa sababu ya meno. Chanjo ya kila mwaka na afisa mifugo wa kata italipwa na parokia, na kadi inahama pamoja na mbwa. Mzee akiugua au akisafiri, mbwa anarudi parokiani bila maswali. Na siku mbwa akianza kuteseka bila nafuu, aitwe daktari wa mifugo, asiachwe wala asipigwe na rungu.

Mhasibu aliuliza matumizi hayo ayaandike kwenye fungu gani. Walipendekeza "mifugo," mwingine akasema "sadaka." Tukanong'ona kule nyuma kwamba mahali pake ni kwenye mishahara, na yule mama wa WAWATA akageuka akatutazama, akauliza kwa sauti kama basi mlinzi naye hawezi kuingizwa kwenye fungu hilo. Ombi lake limewekwa kwenye ajenda za kikao kijacho, namba moja, si kwenye mengineyo.

Tutaona alipelekwa Jumanne kwa toroli la ng'ombe, amelala juu ya gunia la unga wake. Mzee alikuwa amemtandikia majani makavu ya mahindi upande wa ukuta wa jiko, ambako tofali hubaki na joto mpaka usiku wa manane. Mkatekista wa kigango hicho amekubali kupita kila Jumapili baada ya ibada kumwangalia, na anasema siku mbili za kwanza alikataa kula, ya tatu akala.