Kabla Goti Halijavimba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, ila ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuitafakari wakimtazama mtoto anayechechemea. Mimi niliitafakari mtaani Ziwani, jijini Nairobi, kwa sababu ya mvulana wa jirani yetu mwenye umri wa miaka saba. Jioni moja alimwambia mamaye kuwa goti lake "linacheka kwa ndani". Mama alidhani ni utundu wa maneno. Akalichua, akalikanda kwa maji moto, akamlaza. Kulipopambazuka goti lilikuwa limefura, na mtoto hawezi kukanyaga chini.

Mvulana huyo ana hemofilia. Damu yake ina upungufu wa kigandishi cha 8, mojawapo ya protini zinazoifanya damu igande. Hemofilia ya aina hii humpata takriban mvulana mmoja katika kila 5,000 wanaozaliwa. Mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama, ingawa karibu thuluthi moja ya wagonjwa hutoka katika familia ambazo hazijawahi kuwa na ugonjwa huu. Basi si uchawi, wala si laana ya ukoo.

Aghalabu watu hudhani kuwa hatari ya hemofilia ni jeraha la nje. La hasha! Adui mkubwa huvuja kimyakimya ndani ya goti, kiwiko na kifundo cha mguu. Madini ya chuma yaliyomo katika damu huukera utando wa kiungo, nao utando ukivimba huvuja damu kwa urahisi zaidi. Gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane, huliwa kidogo kidogo. Mtoto aliyevuja mara kwa mara huweza kuingia utu uzima akiwa kilema.

Kwa sababu hiyo, wanasayansi wanatafuta viashiria ndani ya damu na mkojo vitakavyofichua uharibifu huo mapema. Kimojawapo ni protini iitwayo COMP, ambayo huingia katika damu gegedu inapochakaa. Jitihada hizi zinastahili pongezi. Hata hivyo, kwa watoto kuna kizingiti: gegedu ya mtoto anayekua hujengwa na kubomolewa kila siku, hivyo ni vigumu kutofautisha dalili za ukuaji na dalili za maradhi. Hadi sasa hakuna hata kiashiria kimoja kati ya hivi kilichokubalika kuwa kipimo cha kawaida cha kliniki.

Je, tukae tukisubiri maabara? Hapa ndipo ninapotoa kauli yangu. Kiashiria cha mapema zaidi tulicho nacho leo kimo kinywani mwa mtoto mwenyewe. Kabla kiungo hakijavimba, mgonjwa huhisi mtekenyo, joto au mkazo ndani yake. Huo ndio wakati mwafaka wa kumpa kigandishi, kumpumzisha na kumwekea barafu. Si wakati wa kumchua, wala wa kumpa aspirini, ambayo huzidisha uvujaji. Goti lililocheka kwa ndani lilikuwa limetoa taarifa kamili. Lililokosekana ni sikio la kuielewa.

Suala hili, basi, linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tumezoea kujadili istilahi kana kwamba ni pambo la kamusi, ilhali mama wa Ziwani huingia kliniki na maneno yake, daktari huandika Kiingereza, na hisia ya mtoto hupotea njiani. Ni nani aliyewahi kukusanya maneno ambayo watoto wetu huyatumia kueleza maumivu ya viungo, yakiwemo ya Sheng?

Najua wapo watakaosema kuwa maneno hayagandishi damu. Ni kweli. Dawa hizi ni ghali mno, na sehemu kubwa ya zile zinazotumika nchini hutokana na msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani. Lakini hata chupa iliyopo kwenye jokofu la hospitali haimfai mtoto ambaye mamaye hajui kuwa damu imeanza kuvuja. Dawa ikiwa haba, ndivyo inavyopasa kutumiwa mapema zaidi.

Napendekeza chama chetu kiketi na wazazi na wauguzi, kikusanye msamiati huo, na kiandae ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wa kubandikwa nyumbani na darasani. Mwalimu akisikia "mguu unanitekenya", asimwamrishe mtoto aendelee kukimbia. Mama akisikia kuwa goti linacheka, asiteleke maji moto; aanze safari ya hospitali.

Mvulana wa jirani yetu sasa anatembea, japo goti halinyooki kama zamani. Ufa ule tuliuona tukauacha. Wa mtoto mwingine tuuzibe.