SEHEMU YA 5: "Inahusishwa" siyo "inasababisha"

Mama zangu, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Kaja mjamzito wa miezi saba, homa 39, anatetemeka. Namuuliza, umemeza nini? "Panadol nimeogopa nesi, wanasema inaleta usonji. Nimenunua diklofenaki pale dukani." Jamani! Kaacha dawa tunayowapa wajawazito miaka yote, kameza ile tunayoikataza kuanzia wiki ya 20 kwa sababu inaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni. Tukampima, kumbe ni malaria.

Nani kamwambia? Sauti ya WhatsApp.

Hii stori ilianzia Marekani, Septemba 2025. Rais Trump alisimama akawaambia wajawazito wasimeze panadol (wenyewe wanaiita Tylenol). Lakini siku hiyohiyo mamlaka yao ya dawa iliwaandikia madaktari barua ya kistaarabu zaidi: kuna "association", ila haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo inayosababisha, na zipo tafiti zinazopinga. Sasa hilo neno "association", na mwenzake "linked to", kwa Kiingereza ni neno la kujikinga. Maana yake ni kwamba vitu viwili vimeonekana pamoja, basi. Likifika kwetu linakuwa "inahusishwa", kwenye status "inasababisha", na kwa mama mkwe ni "usiguse kabisa, utazaa mtoto mgonjwa".

Msimu wa maembe watoto wengi wanaharisha. Embe limehusishwa! Lakini msimu huohuo mvua inanyesha, vyoo vinafurika, nzi wamejaa. Utakata mwembe?

Na panadol ni hivyohivyo. Anayeimeza ni nani? Mwenye homa, mwenye maumivu. Utajuaje kama ni dawa, au ni ugonjwa uliomfanya ameze, au ni kitu cha kurithi kwenye familia? Watafiti wa Sweden walifuatilia watoto karibu milioni 2.5, matokeo yakatoka 2024. Wakalinganisha ndugu wa tumbo moja: mama yuleyule, huyu alikutana na panadol tumboni, yule hakukutana nayo. Ule uhusiano ukapotea.

Simtetei mtu anayemeza panadol kama karanga. Meza kidogo, siku chache, ukiwa na sababu, na homa ikuleta kliniki upimwe. Ninaogombana nao ni hawa wanaoandika "inahusishwa" kwa herufi kubwa halafu ukiwauliza wanasema "sisi hatujasema inasababisha". Mlijua fika mama atasomaje! Malaria ya mjamzito inatoa mimba, inamaliza damu, inazaa mtoto njiti. Hapo hakuna "huenda", hilo tunalijua.

Yule dada tulimlaza, akapata dawa ya malaria na panadol yake. Siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza tumboni, na simu bado anayo mkononi. Nikamwomba anifowadie ile sauti. Na nyie mlionayo nitumieni inbox, kesho tunaisikiliza pamoja neno kwa neno.