Marekani: Bunduki, ng'ombe na kicheche katika ardhi ya umma

KILA ifikapo mwezi Mei, magari yenye namba za majimbo ya mbali huanza kuonekana katika barabara za vumbi za South Dakota, Wyoming na Montana. Wenye magari hayo hubeba meza za kuegemezea bunduki, darubini na maboksi ya risasi. Shabaha yao ni mnyama mdogo wa uzito wa takriban kilo moja, asimamaye wima kwenye mdomo wa shimo lake, na hupigwa kutoka umbali wa mita mia mbili, mia tatu au zaidi. Mpigaji mmoja anaweza kumaliza mamia ya risasi kwa siku. Nyama haiandaliwi, ngozi haichunwi. Mzoga huachwa pale ulipoangukia.

Wamarekani humwita mnyama huyo mbwa wa mbuga kwa sababu ya mlio wake unaofanana na kubweka, ingawa si mbwa hata kidogo. Ni jamaa ya kindi, achimbaye mashimo na kuishi katika makundi makubwa ambayo wenyeji huyaita miji. Ziko aina tano, na aliyeenea kuliko wenzake ni yule mwenye ncha nyeusi ya mkia.

Kwa mtazamaji wa mbali huu ni mchezo wa watu wachache wenye muda na fedha. Hata hivyo, nyuma ya mchezo huo kuna mgogoro wa zaidi ya miaka mia moja kuhusu nani mwenye haki ya nyasi, hasa nyasi zilizo katika ardhi ya umma.

Wapelelezi Lewis na Clark walipomwona mnyama huyo mwaka 1804 walishangazwa naye kiasi cha kumpelekea Rais Thomas Jefferson mmoja akiwa hai. Wakati huo makazi yake yalitanda kutoka mpaka wa Kanada hadi Mexico. Lakini ng'ombe walipochukua nafasi ya nyati, sifa yake ilibadilika. Mwaka 1902 mtaalamu wa serikali, C. Hart Merriam, aliandika kwamba mbwa wa mbuga hupunguza uwezo wa ardhi kulisha mifugo kwa asilimia 50 hadi 75. Kauli hiyo ndiyo iliyofungua njia kwa kampeni ndefu za kutega shayiri yenye sumu, nyingi zikigharimiwa na serikali. Kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara, eneo linalokaliwa na wanyama hao lilishuka hadi takriban asilimia mbili ya lile la awali.

Makadirio ya Merriam hayakustahimili vipimo vya baadaye, lakini si kweli pia kwamba wafugaji wanalalamika bure. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu mbuga za nyasi fupi za Colorado ulionyesha kwamba pale ambapo mbwa wa mbuga wamekalia asilimia 20 ya malisho, ongezeko la uzito wa ng'ombe hupungua kwa asilimia 5.5 hivi; wakikalia asilimia 60, hupungua kwa takriban asilimia 14. Kwa mwenye ranchi ambaye faida yake ni ndogo, na hasa mwaka wa ukame, hasara hiyo inauma. Ndiyo maana wengi hufungua milango yao kwa wapigaji, baadhi wakitoza ada. Sheria ya Wyoming inamweka mnyama huyo katika orodha ya waharibifu, pamoja na magugu.

Swali ni kama bunduki inatimiza kazi inayosingiziwa. Wapigaji hudai kwamba wanamsaidia mfugaji, na kwamba wanyama hao huzaliana kwa kasi isiyoweza kuathiriwa na risasi. Dai la pili halina msingi. Jike huzaa mara moja tu kwa mwaka, watoto watatu au wanne hivi, na wengi wao hufa kabla ya kutimiza mwaka. Aidha, watoto hutokeza nje ya mashimo mwezi Mei na Juni wakiwa hawajui hatari, wakati uleule ambao wapigaji huupenda kuliko mwingine.

Watafiti wawili waliofanya kazi Wyoming walichapisha matokeo yao mwaka 2007 baada ya kulinganisha miji iliyopigwa na isiyopigwa. Walionusurika waliongeza tahadhari mara nane na kupunguza muda wa kula kwa asilimia 66. Mwaka uliofuata mimba zilipungua kwa nusu, na idadi ya watoto ikashuka kwa asilimia 82. Kwa maneno mengine, aliyekoswa na risasi naye aliathirika, kwa kuwa hofu ilimnyima lishe.

Mtu anaweza kuona hapo ushahidi kwamba bunduki ni dawa nzuri ya mfugaji. Ukweli una pande mbili. Mji mdogo ulio karibu na barabara unaweza kudhoofishwa kabisa. Lakini katika mji wa maelfu ya ekari, wanyama wakishakuwa waoga na kujificha, mpigaji huchoka na kuhamia kwingine penye shabaha rahisi. Mfugaji mwenye tatizo kubwa hasaidiwi sana. Anayeumia ni mji ambao haukuwa tatizo kubwa kwa mtu yeyote. Ndiyo maana mwenye nia ya kweli ya kuwaondoa bado hutumia sumu.

Liko jambo jingine lisilohesabiwa. Kwa Kiswahili risasi ni jina la kinachotoka kwenye mtutu na pia la madini yake, na katika suala hili lugha imesema kweli. Watafiti walewale waligundua kwamba asilimia 87 ya mizoga iliyopigwa kwa risasi za kupasuka ilibaki na vipande vyake mwilini. Mwewe na tai huishukia mizoga hiyo na kujilisha sumu ya madini hayo pamoja na nyama. Kinyume cha kushangaza ni kwamba, chini ya sheria ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 inayotozwa kwenye risasi hizo husaidia kugharimia uhifadhi wa wanyamapori katika majimbo.

Mwathirika anayetajwa zaidi ni kicheche wa miguu myeusi, ambaye chakula chake karibu chote ni mbwa wa mbuga. Alidhaniwa ametoweka duniani hadi mwaka 1981, mbwa wa ranchi moja karibu na Meeteetse, Wyoming, alipoleta nyumbani mzoga wa mmoja. Kufikia mwaka 1987 wa mwisho 18 walikuwa wamekamatwa ili wazalishwe kizuizini. Tangu mwaka 1991 vizazi vyao vimekuwa vikirudishwa porini, lakini waliomo humo ni mamia machache tu. Serikali kuu, kwa hiyo, inatumia fedha kumrudisha kicheche katika nchi ambayo majimbo yanamhesabu mlo wake kuwa mharibifu.

Utata huo unaonekana wazi Kansas. Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1901 iliruhusu mamlaka za wilaya kuingia katika shamba la mtu, kuwatilia sumu mbwa wa mbuga na kumdai mwenye shamba gharama. Wilayani Logan, wenye ranchi waliokubali kicheche waachiliwe katika ardhi yao mwaka 2007 walijikuta katika mvutano mrefu na wilaya. Wanaosema kwamba mwenye ardhi aachiwe uamuzi mara nyingi husahau mfano huo.

Katika ardhi ya umma hoja ya mwenye mali haipo. Mbuga za Taifa zinazosimamiwa na Idara ya Misitu zilinunuliwa na serikali miaka ya 1930 kutoka kwa wakulima waliofilisika wakati wa tufani za vumbi. Wafugaji hulisha humo kwa kibali na kwa ada. Mpigaji naye, anayetoka mbali, anadai haki ya raia. Katika bonde la Conata, South Dakota, ambako kicheche walirudishwa mwaka 1996, upigaji ulifungwa ili kuwalinda. Kwenye mbuga ya Thunder Basin, Wyoming, mambo yalikwenda kinyume: mpango uliopitishwa mwaka 2020 uliacha lengo la kuwarudisha kicheche, ukaweka shabaha ya ekari 10,000 za miji ya mbwa wa mbuga na kupanua matumizi ya sumu.

Uamuzi huo ulifuata pigo ambalo halikutoka kwa mwanadamu. Mwaka 2017 tauni iliingia Thunder Basin, na miji iliyofunika makumi ya maelfu ya ekari ikabaki sehemu ndogo sana mwaka uliofuata. Ni ugonjwa uleule unaoenezwa na viroboto ambao wakazi wa Lushoto, Tanga, waliuzoea kwa taabu tangu mwaka 1980. Ulifika California kwa meli mwaka 1900, na wanyama wa mbugani hawakuwa na kinga nao.

Kwa kuwa tauni inaweza kufuta mji mkubwa kwa msimu mmoja, miji midogo iliyotawanyika ndiyo inayobaki kuwa mbegu ya kurejea, na ndiyo hasa isiyostahimili bunduki. Hata hivyo Idara ya Samaki na Wanyamapori, iliyokubali mwaka 2000 kwamba mbwa wa mbuga mwenye mkia mweusi anastahili ulinzi, ilimwondoa katika orodha ya kusubiri mwaka 2004, na mwaka 2009 ikaamua kwamba hauhitaji.

Colorado imechagua njia ya kati. Nucla, mji mdogo jimboni humo, uliwahi kuandaa shindano la kupiga mbwa wa mbuga mwaka 1990 na kuzua ghadhabu ya nchi nzima. Mwaka 2020 tume ya wanyamapori ya jimbo ilipiga marufuku mashindano ya aina hiyo. Upigaji katika ardhi ya umma hufungwa kuanzia Machi 1 hadi Juni 14, muda wa mimba na watoto. Upande wa pili wa seng'enge, katika ranchi za watu binafsi, hakuna tarehe ya kufunga.