Mikutano ya Waganga kwa Intaneti

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia safari, mikutano mingi ya madaktari ilihamia kwenye intaneti. Kwetu visiwani hiyo ni neema: daktari wa Mkoani aweza kumsikiliza bingwa wa Muhimbili bila ya kupanda boti. Lakini mkutano ukipangwa saa nne asubuhi, wagonjwa wamejaa barazani, nani atauhudhuria? Wakubwa wa maofisini, bila shaka.

Huko New Mexico, Marekani, Dk. Sanjeev Arora alianzisha mwaka 2003 utaratibu ambao mganga wa shamba ndiye anayeeleza hali ya mgonjwa wake, na mabingwa humshauri. Tunaiomba Wizara ya Afya ipange mikutano alasiri, ilipie gharama za intaneti, na Pemba ipewe zamu ya kusema.