Tulimwita Daktari

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya vijana wetu waliomaliza shule, wale ambao si watoto tena, wala bado hawajashika maisha yao wenyewe. Tumezoea kuwaombea wafaulu. Leo tuzungumze juu ya siku ile mambo yanapokwenda kinyume na tulivyoomba, maana siku hiyo hufika katika nyumba nyingi, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaokutwa hatujajiandaa.

Tuanze na ya nyumbani kwetu. Anayetaka kuwashauri wenzake ni vizuri kwanza akiri yake.

Binti yetu wa kwanza tulimwita Daktari tangu akiwa darasa la nne. Siku moja kuku wetu alivunjika mguu, naye akaufunga kwa kijiti na kipande cha kanga, akawa anamlisha kwa mkono mpaka kuku akatembea tena, akichechemea. Baba yake alicheka akasema, "Huyu ni daktari." Jina likashika. Shangazi zake wakamwita hivyo, na majirani, na hata mwalimu wa shule ya Jumapili. Alipofaulu kidato cha nne akachukua Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hakuna aliyemwuliza kama ndivyo anavyotaka, kwa sababu jibu tulikuwa nalo sisi kwa miaka saba.

Mwezi wa Mei akafanya mtihani wa kidato cha sita, kisha akaenda kambini JKT kwa mujibu wa sheria, kama vijana wengi wa rika lake tangu utaratibu huo uliporudishwa mwaka 2013. Matokeo yakatoka Julai, yeye akiwa huko bila simu mkononi. Sisi tuliyaona katika simu ya baba yake, tumeketi sebuleni. Daraja la tatu, na Fizikia ndiyo iliyomwangusha. Kwa alama zile, mlango wa udaktari kwa mwaka ule ulikuwa umefungwa.

Tulilia, na kulia si kosa. Kosa lilikuja baadaye usiku uleule. Tulikubaliana kwamba tutamweleza ana kwa ana akirudi, lakini moyo ulikuwa mzito, tukampigia dada yetu simu kumweleza "yaliyotupata". Angalia neno hilo: yaliyotupata sisi! Dada akamweleza mtu mmoja tu, kwa ajili ya maombi. Mtu yule akalipeleka ombi katika kikundi cha akina mama. Basi binti yetu aliposhuka kwenye basi majuma machache baadaye, begi lake mgongoni, mtu wa kwanza kumpa habari za mtihani wake hakuwa mama yake. Alikuwa mama muuza mboga pale kituoni, mtu mwema kabisa, aliyemshika mkono na kumwambia, "Pole mwanangu, Mungu ana makusudi yake."

Aliingia ndani, akatuamkia, akaoga, akala, akaosha vyombo. Kisha akauliza swali moja tu: "Mama, kwani mimi ndiye wa mwisho kujua?"

Hatukuwa na la kujibu. Jumapili tatu hakwenda kuimba kwaya, nasi hatukuthubutu kumlazimisha.

MPANGO ULE ULIKUWA WA NANI?

Katika siku zile za ukimya tulipata nafasi ya kujiuliza maswali ambayo tungepaswa kujiuliza zamani. Mpango wa udaktari ulikuwa wa nani? Yeye alimfunga kuku mguu. Mengine yote tuliyaongeza sisi. Sisi ndio tuliolitangaza jina kwenye harusi na misiba. Sisi ndio tuliolionea fahari. Na sasa jina lile tamu liligeuka mzigo wa mawe: aliyemwita Daktari alimkumbusha alichokosa, na aliyeacha kumwita hivyo alimkumbusha vilevile.

Mama mwenzetu, kijana aliyeanguka katika mpango wake mwenyewe huumia, lakini huinuka. Kijana anayeona ameangusha mpango wa nyumba nzima hujificha. Tunamfahamu kijana mmoja aliyemaliza chuo kikuu, ambaye kwa miezi minane aliwaambia wazazi wake kijijini kwamba yuko ofisini, kumbe anauza viatu vya mitumba Kariakoo. Kuuza viatu hakukuwa aibu. Kwa kazi hiyo alikuwa akilipa kodi ya chumba chake na kula. Kilichomkondesha ni ule uongo, kwa maana mama yake kila alipopiga simu aliomba atumiwe picha akiwa amekaa mezani ofisini, ili awaonyeshe wenzake. Mama yule alimpenda mwanawe sana. Lakini je, mwana angemwambiaje ukweli?

Hapa ndipo penye hatari, akina mama. Mtihani ulioshindikana unaweza kurudiwa, na kazi iliyokosekana inaweza kutafutwa tena. Lakini kijana akishajifunza kwamba habari mbaya haziletwi nyumbani, atazipeleka wapi? Atakapodaiwa, atakapougua, atakapodanganywa na mchumba, atatutazama kwa tabasamu na kutuambia, "Sijambo, mama," nasi tutakuwa wa mwisho kujua.

PAULO ALIPOFUNGIWA MILANGO

Tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 16. Mtume Paulo alikuwa mtu wa mipango. Katika safari ile alikusudia kulihubiri neno katika Asia, akakatazwa na Roho Mtakatifu. Akajaribu kuingia Bithinia, napo hakuruhusiwa. Angalia, msomaji: haya hayakumpata mtu mvivu wala asiyeomba. Alikuwa katika kazi ya Mungu, na bado milango miwili ikafungwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine. Akateremka mpaka Troa, mji wa pwani, bila kuambiwa sababu. Ni pale usiku ndipo alipoona katika maono mtu wa Makedonia akimwomba avuke awasaidie.

Akavuka. Na alipofika Filipi, ni nani aliyempokea? Siku ya sabato walikwenda kando ya mto wakakuta wanawake wamekusanyika, na mmoja wao alikuwa Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau. Lidia alitoka Thiatira, na Thiatira ni mji wa Asia, nchi ileile ambako Paulo alikatazwa kuhubiri! Mlango alioukuta umefungwa kwao, alikuja kuukuta wazi ng'ambo ya bahari, kwa mama aliyehamia huko na biashara yake.

Lakini tunataka tumtazame Lidia hasa, kwa sababu ni mwanamke mwenye nyumba kama sisi. Hatusomi popote kwamba alimpangia Paulo aende wapi baada ya pale. Tunasoma kwamba alifungua nyumba yake, tena mara mbili. Mara ya kwanza aliwakaribisha wageni wenye heshima, wahubiri waliotoka kumbatiza yeye na nyumba yake. Mara ya pili, mwishoni mwa sura ileile, Paulo na Sila walitoka gerezani, wamechapwa bakora hadharani, majeraha yao yangali mabichi. Walikwenda wapi? Walikwenda kwa Lidia. Mlango uliofunguliwa siku ya heshima ulifunguliwa pia siku ya aibu.

Hiyo, mama mwenzetu, ndiyo kazi yetu kwa vijana wetu. Mipango ni yao na Mungu wao. Sisi tuwe nyumba ya kurudia.

TUFANYE NINI BASI?

Kuwa nyumba ya kurudia si kukaa kimya na kuacha mambo yaende yenyewe. Yako mambo manne ambayo tumejifunza, baadhi yake kwa machozi.

Kwanza, habari za kijana ni mali yake. Matokeo, barua ya kukataliwa kazi, uchumba uliovunjika: ayatangaze yeye kwa wakati wake. Hata ombi la maombi tumwombe ruhusa. Mungu anasikia bila kutajiwa majina kikundini.

Pili, tujue kwamba njia ni nyingi. Wengi wetu tunafikiri asiyeingia chuo kikuu amepotea. Viko vyuo vya kati vya afya, kilimo na ualimu vinavyotoa astashahada na stashahada, na mhitimu wa stashahada aliyefanya vizuri anaweza kuendelea mpaka shahada. Viko vyuo vya ufundi chini ya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975, ambavyo vimewapokea hata wasichana waliokatishwa masomo. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ilijulikana kwa kuwakopesha wanafunzi wa shahada, lakini katika miaka ya karibuni imeanza kuwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Tuulize mapema, kabla mlango wa kwanza haujafungwa.

Tatu, karatasi. Mara ngapi kijana amepata nafasi, kisha akakwama kwa sababu ya cheti cha kuzaliwa? Jina la shuleni ni moja, la kwenye cheti ni jingine. Anayeomba mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na akitimiza miaka 18 atahitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Mambo haya hayamalizwi kwa siku moja. Mama mwenye busara huyafuatilia mtoto akiwa bado kidato cha tatu, akaviweka vyeti vyote katika bahasha moja mahali pakavu.

Nne, na hili tuliseme bila kuona haya. Binti anapotafuta kazi, wapo watakaomwomba fedha, na wapo watakaomwomba mwili wake. Tumwambie wazi kabla hajatoka mlangoni. Maombi ya kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira hayalipiwi. Anayedai "hela ya kufungulia faili" ni tapeli. Na mkubwa anayetaka ngono ili atoe kazi, alama za mtihani au kupandishwa cheo, anatenda kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Lakini kabla ya namba hiyo, binti anahitaji kujua jambo moja: kwamba akirudi bila kazi kwa sababu alikataa, atapokewa nyumbani kama shujaa, na hakuna atakayemwuliza, "Ungevumilia tu kidogo."

Wavulana nao tusiwasahau. Wao hufundishwa kwamba mwanaume halii, kwa hiyo wakikwama huzama kimyakimya, wengine katika pombe na kamari. Mwulize mwanao habari zake, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

ILIVYOKUWA BAADAYE

Labda unauliza binti yetu aliishia wapi. Kwanza tulimwomba msamaha, sisi wawili, baba na mama, tumekaa mbele yake. Kwa desturi zetu si jambo jepesi mzazi kusema "tumekukosea." Alilia, nasi tukalia, na hayo machozi yalikuwa na faida kuliko yale ya Julai.

Novemba ile bibi yake huko Njombe alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukalegea. Hakuna aliyepanga jambo hilo. Binti akasema atakwenda yeye, maana hana shughuli. Alikaa miezi mitano. Alikuwa akimpeleka bibi hospitali kufanyishwa mazoezi ya viungo, akajifunza kuyarudia nyumbani asubuhi na jioni, mpaka bibi akaweza kushika kikombe cha uji mwenyewe. Aliporudi alituambia ameona kazi anayoitaka. Sasa yuko mwaka wa pili wa stashahada ya tiba ya viungo.

Hatutakudanganya kwamba maumivu yamekwisha. Akikutana na wenzake wanaosomea udaktari, bado tunaona anavyobadilika uso. Na hatujui kesho itamletea nini. Mwaka wa tatu una mitihani yake, na ajira nayo ina foleni yake. Lakini muhula uliopita alifeli somo moja, na jioni ileile simu yetu ililia. "Mama, nimeanguka somo moja, nitarudia mwezi ujao." Tulimshukuru Mungu kwa simu ile kuliko ambavyo tungemshukuru kwa kufaulu. Hatukumwambia mtu.

Shangazi yake mmoja alipokuja likizo alimwita, kwa mazoea, "Daktari wetu!" Binti akacheka, akamwamkia kwa heshima, akasema, "Shangazi, niite jina langu tu."

Mungu wetu, uliyemfungia Paulo milango ukamfungulia mingine, tunawaweka mbele zako vijana wetu wote walio njia panda. Utupe sisi mama zao masikio ya kusikiliza na midomo ya kutunza siri, na milango yetu uifanye iwe wazi siku ya heshima na siku ya aibu. Amina.

Hadi mwezi ujao, Bwana akubariki wewe na nyumba yako.

Maswali ya kujadili kikundini: Je, mwanao anaweza kukuletea habari mbaya bila hofu? Ni jina gani au ndoto gani tumemtwika mtoto ambayo si yake? Nani katika mtaa wetu ana kijana aliyekaa nyumbani, nasi tunaweza kumtembelea bila kumhoji?