Asubuhi Makaburini, Alasiri Mezani

Katika nchi yetu ya Kongo tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, walio hai na waliofariki. Asubuhi watu hushika majembe na mapanga, huenda kung'oa majani juu ya makaburi ya wazee wao. Alasiri hurudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio hai, na watoto huwashukuru baba na mama, kila mmoja kwa uwezo wake.

Sikukuu hii ni njema. Lakini wengi katika bonde letu la Ruzizi huipokea kwa mioyo miwili, na haifai kuwakemea kabla ya kuwasikiliza.

Wako wanaoogopa dhambi. Husema: «Kusafisha kaburi ni kuabudu wafu.» Hao tuwajibu kwa upole. Amri ya nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, wala haikuweka mwisho siku ya maziko. Kila tarehe 2 Novemba Kanisa lawaombea marehemu wote. Tena katika misale ya majimbo yetu, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, wahenga wenye moyo mnyofu hutajwa mwanzoni mwa Misa pamoja na watakatifu. Mtu anayeng'oa majani kaburini haabudu udongo. Anaikumbuka mikono iliyomlisha.

Wengine hawaogopi dhambi, wanaumia. Na kwetu Sange maumivu hayo yana tarehe yake.

Mwaka 2010, tarehe 30 Juni, taifa lilishangilia miaka 50 ya uhuru. Siku mbili baadaye, jioni ya tarehe 2 Julai, lori la mafuta lilipinduka hapa Sange, katika barabara ya Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika, watu wakaja na vyombo kuyateka, kisha moto ukawaka. Wengine hawakuwa wameteka hata tone: walikuwa wameketi wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, na moto ukawakuta humo humo. Watu zaidi ya 230 walikufa. Miili mingi haikutambulika tena, ikazikwa katika makaburi ya pamoja. Sikukuu ya wazazi ilipofika, zilikuwa zimepita siku 30 tu.

Basi, mtoto wa marehemu hao ang'oe majani juu ya kaburi gani? Jirani yake anao msalaba wenye jina la baba. Yeye hana. Na juu ya hayo yako maneno ya watu: «Walikufa kwa tamaa.» Neno hilo ni zito kuliko jiwe, nalo si haki. Lamsahau aliyekufa ndani ya nyumba yake. Lausahau pia umaskini, ambao humfanya mama aone ndani ya ndoo moja ya mafuta chumvi na sabuni ya juma zima. Kosa la hatari lilikuwapo, hatukatai. Lakini mzazi hapimwi kwa dakika yake ya mwisho, akanyang'anywa miaka yote aliyolima na kupika.

Wako pia wenye kidonda cha namna nyingine: baba yao yu hai, lakini alikwenda kuchimba dhahabu Misisi au Kamituga, akaisahau nyumba. Leo amerudi mzee, anangoja zawadi. Kijana anauliza: «Nimshukuru kwa lipi?» Swali hilo si utovu wa adabu. Kumheshimu mzazi ni wajibu: asitukanwe, asinyimwe chakula katika uzee wake. Lakini shukrani haidai uongo. Mtoto halazimiki kumsifu baba kwa karo ambayo hakuilipa. Amheshimu, na shukrani ya kulelewa aipeleke kwa yule aliyemlea kweli.

Hapo, ndugu, ndipo penye kiini cha jambo. Wengi hudhani kwamba ashukuruye sharti afurahi, na kwamba mwenye huzuni akiketi mezani anajifanya tu. Sivyo. Kushukuru ni kusema ukweli: «Nilikuwa mtoto, sikuweza kujilisha, na fulani alinilisha.» Maneno hayo yaweza kusemwa huku machozi yakitoka. Tazameni jinsi sikukuu yenyewe ilivyopangwa: asubuhi makaburini, alasiri mezani. Haimwambii mtu asilie. Yampa saa ya kulia, kisha yamwita ale pamoja na wenzake.

Kwa hiyo twashauri hivi. Asiye na kaburi lenye jina asibaki nyumbani kwa aibu. Aende kwenye kaburi la pamoja, na wenye makaburi yao wamsindikize, wang'oe majani pamoja naye. Hapo kila mmoja ayataje kwa sauti majina ya watu wake, ili watoto wayasikie. Watoto wa mwaka ule sasa ni vijana, na wengine wamekuwa wazazi. Wasipoyataja wao, wajukuu watayajua wapi?

Alasiri, mkeka wa kwanza atandikiwe aliyelea mtoto asiye wake: bibi, shangazi, mjomba, au jirani. Wapo wengi katika mitaa yetu, na mara nyingi siku hiyo huachwa jikoni, kwa sababu hakuna anayewaita mama wala baba. Nyama si lazima. Ugali na dagaa wa ziwa letu vyatosha, pamoja na neno moja linalosemwa mbele ya watu wote: «Huyu ndiye aliyenilea.»

Na ambaye mwaka huu moyo wake bado ni mzito, asilazimishwe. Atengewe sahani yake, na mlango uachwe wazi.