Mang'ula iuze siku za mlima, si saa

Mfanyabiashara wa Mang'ula anazijua vizuri bidhaa tatu: mpunga unaotoka bondeni, sukari ya Kilombero, na abiria wa barabara ya Ifakara. Bidhaa ya nne iko nyuma ya duka lake, imesimama juu ya paa, nayo ni Milima ya Udzungwa. Hiyo ndiyo ambayo wengi hawajaipangia bei.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako hapo hapo Mang'ula. Sifa yake kubwa kibiashara ni ile ambayo baadhi ya watu huiona kuwa kasoro: msituni hamna barabara za gari za kutembeza watalii. Anayetaka kuiona hifadhi atembee kwa miguu, na mtu anayetembea hula, hulala na huhitaji mtu wa kumbebea mzigo.

Hata hivyo, soko limebadilika. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, sasa ni ya lami. Kwa mwenye lori la mpunga hiyo ni faida isiyo na ubishi. Kwa mwenye nyumba ya wageni hesabu ni ngumu zaidi, kwani mgeni anaweza kutoka Mikumi asubuhi, akapanda hadi maporomoko ya Sanje yenye kina cha mita 170, akapiga picha, na jioni akawa amerudi Mikumi kula na kulala. Mang'ula inabaki na chupa za soda alizokunywa.

Chukua mfano wa wageni 4. Wakienda Sanje wanahitaji kiongozi mmoja na chakula cha mchana. Wageni hao hao wakipanda kilele cha Mwanihana, chenye urefu wa mita 2,150 hivi, safari ni ya kilomita 38 kwenda na kurudi na kwa kawaida huchukua siku 3. Pamoja nao wataingia kiongozi, askari wa wanyamapori, mpishi na tuseme wapagazi 5. Jumla ni watu 12. Kwa milo mitatu kwa siku hiyo ni zaidi ya sahani 100, bila kuhesabu mafuta ya taa, betri, mahema ya kukodi na kitanda cha usiku wa kabla na wa baada ya safari. Muuza mchele yeyote anaweza kuimalizia hesabu hiyo mwenyewe.

Kinachomrudisha mgeni nyuma ni hofu. Akisikia mteremko mkali, mvua ya msituni, mawe yanayoteleza, na askari mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na nyati, anachagua Sanje. Ni hapo ambapo Mang'ula ina la kujifunza kutoka Mlima Kenya.

Vilele viwili virefu vya mlima huo, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, ni vya wapanda miamba wenye ujuzi wa kamba. Kilele cha tatu, Lenana, kina mita 4,985, nacho ni mwamba mtupu. Lakini karibu na juu kabisa pamefungwa waya wa chuma wa kushikia na vyuma vya kukanyagia. Ni sehemu fupi mno ukilinganisha na safari nzima ya siku 3 hadi 5. Kwa msaada huo karani wa benki asiyewahi kushika kamba anafika kileleni, na kwa sababu hiyo Naro Moru na Nanyuki hupata wateja wengi kuliko ambao Batian peke yake ungewaletea.

Jambo la kuangalia ni kwamba waya ule haukufupisha safari. Umeondoa hofu ya hatua za mwisho tu, na siku zote zimebaki pale pale. Hapo ndipo tofauti na magari ya kuning'inia kwenye waya yaliyopendekezwa kwa Kilimanjaro mwaka 2019. Wapagazi walipinga, na hawakukosea kimahesabu: gari la namna hiyo linauza saa, wakati mpagazi analipwa kwa siku. Mwenye hoteli kubwa mjini anaweza kulipenda. Mwenye vyumba 6 kando ya lango la hifadhi hana sababu ya kulishangilia.

Kwa hiyo Mang'ula isiombe mlima urahisishwe. Iombe waya na ngazi za chuma pale tu ambapo mtu anaweza kuteleza, kwa uamuzi na usimamizi wa TANAPA. Na idadi ya wapandaji idhibitiwe mapema. Huko Marekani, waya za Half Dome zilifungwa mwaka 1919. Msongamano ulikuja kuwa mkubwa hata vibali vikaanza mwaka 2010, na sasa ni watu wapatao 300 tu kwa siku. Kibali kigumu kupatikana hakijawafukuza wateja, wanakigombea.

Lipo deni pia. Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa kando ya hifadhi waliruhusiwa kuokota kuni kavu msituni, kisha ruhusa ikafutwa. Mama lishe ambaye sasa ananunua mkaa ndiye aliyelipa gharama ya msitu huu, na tembo wanaoingia mashambani wameongeza riba. Chakula cha safari za Mwanihana kikinunuliwa Morogoro na wapagazi wakiletwa kutoka mjini, deni hilo litabaki kwenye daftari.

Mtaji wa kuanzia si mkubwa: mahema machache, magunia ya kulalia, makoti ya mvua, na glavu ngumu za ngozi kama za mafundi wa kuchomelea, kwa kuwa waya wa chuma ulioloa hukata viganja. Fundi wa kupinda chuma hatakosekana katika mji uliowahi kuwa na karakana kubwa ya mashine tangu siku za ujenzi wa TAZARA.